Kukagua ukoga wa meno nyumbani: ulimi, uzi, rangi au taa?

Ukoga mchanga ni mgumu kuuona. Rangi yake inakaribiana na ya jino, ni mwembamba, unanata, na hupenda kukaa pale ambapo mwanga wa bafuni haufiki: upande wa ndani wa meno ya mbele ya chini, nyuma ya gego la mwisho, katikati ya meno mawili yaliyobanana, na kwenye ule mstari jino linapoingia kwenye ufizi. Ndiyo maana mtu anapiga mswaki asubuhi na usiku miaka yote, anajitazama kwenye kioo anaona meno yanang'aa, halafu daktari anamwambia fizi zake zimevimba.

Njia za kujikagua mwenyewe zipo, na nyingi hazihitaji ujuzi wowote. Shida ni kwamba kila moja inaonyesha kitu tofauti, na watu huzichagua kama vile zote zinafanya kazi moja. Kwa hiyo nianze na swali lenyewe. Kujiuliza "je, nina ukoga?" hakukufikishi popote, kwa sababu jibu ni ndiyo, kwako na kwa kila mtu. Dakika chache tu baada ya kusafisha meno, protini za mate hutandaza ngozi nyembamba juu ya jino, na baada ya saa chache bakteria wameshajishikiza hapo na kuanza kuzaana. Swali lenye faida ni hili: mswaki wangu unaruka wapi kila siku? Njia inayolijibu hilo ndiyo ninayoipa alama ya juu, hata kama si ya kuvutia.

Kuna sababu ya kung'ang'ania neno "kila siku". Mwaka 1965, Harald Löe na wenzake huko Aarhus, Denmark, walichapisha matokeo ya jaribio ambalo bado linafundishwa kwa madaktari wa meno. Watu 12 wenye fizi nzima waliacha kabisa kusafisha meno. Ndani ya siku 10 hadi 21 wote walikuwa na uvimbe wa fizi. Walipoanza tena kusafisha, fizi zilirudi katika hali nzuri baada ya wiki moja hivi. Sasa fikiria gego moja la juu ambalo mswaki wako haulifikii vizuri. Kwa upande wa ufizi unaolizunguka, wewe ni sawa na mtu aliyeacha kusafisha. Haijalishi mengine 27 yanang'aa kiasi gani.

Ulimi na kijiti

Ulimi ni wa bure na uko nawe muda wote. Baada ya kupiga mswaki, upitishe polepole upande wa ndani wa meno ya chini, kisha ya juu, kisha sukuma ncha yake nje, kati ya shavu na magego. Jino safi huteleza. Jino lenye ukoga mzito lina ukakasi fulani, kama limevikwa kitambaa chembamba.

Tatizo la ulimi ni kwamba unazoea. Sehemu ambayo imekuwa na ukakasi kwa mwaka mzima, ulimi huichukulia kuwa ndiyo hali ya kawaida ya jino lile. Pia hauingii katikati ya meno, na ukoga mwembamba unaupita bila kuuhisi. Vilevile hauwezi kutofautisha ukoga na ugaga, yaani ule ukoga ambao umeshagandishwa na madini ya mate ukawa mgumu kama jiwe, wala na ukingo wa jino lililozibwa ambao haukulainishwa. Kipimo rahisi ni hiki: ukakasi ukiondoka baada ya kusugua tena kwa makini, ulikuwa ukoga. Ukibaki palepale, ni kitu kingine, na mswaki hautakisaidia.

Anayetaka kuona badala ya kuhisi anaweza kuchukua kijiti cha meno, akakipitisha kwa upole sana kwenye mstari wa ufizi wa jino moja, bila kuchoma. Kikitoka na kitu cheupe au cha rangi ya maziwa kinachonata, huo ndio ukoga wenyewe. Ni njia nzuri ya kuthibitisha sehemu moja unayoitilia shaka. Kwa kinywa kizima haifai. Utachoka na utajiumiza fizi.

Uzi wa meno na damu

Uzi hufika pale ambapo ulimi na mswaki haviingii. Upitishe katikati ya meno, uukumbatishe kwenye jino moja, panda na shuka mara kadhaa, kisha jino la pili. Ukitoka angalia: una utelezi mweupe? Unanuka? Una damu? Harufu ya uzi uliotoka katikati ya magego hueleza ukweli kuliko pumzi unayojipulizia kwenye kiganja.

Damu inahitaji kusomwa kwa uangalifu. Haionyeshi ukoga, inaonyesha kile ambacho ukoga umeshafanya. Rangi, tutakayofika kwake hivi punde, inakupa habari za leo. Damu inakupa habari za wiki mbili au tatu zilizopita. Mtu anayeanza kutumia uzi mara nyingi hutokwa na damu siku za mwanzo, kisha ikapungua kadiri fizi zinavyopona. Mahali ambapo damu haikomi baada ya wiki mbili za kusafisha vizuri, hapo ni pa kuonwa na daktari.

Na kuna watu ambao damu huwadanganya. Mvutaji wa sigara anaweza kuwa na ugonjwa mkubwa wa fizi na asione hata tone, kwa sababu nikotini hubana mishipa midogo ya damu. Ambaye hatokwi na damu na anavuta, asijipongeze. Kwa upande mwingine, anayetumia dawa za kuzuia damu isigande hutoka damu kwa urahisi zaidi, na mjamzito fizi zake huitikia hata ukoga kidogo kwa uvimbe kuliko kawaida. Kwa wote hawa damu peke yake si kipimo cha kutegemea.

Rangi

Hapa ndipo ningetaka utumie muda wako. Kuna vidonge vya kutafuna, maji ya kusukutulia au kupaka kwa pamba, na jeli. Vyote vinafanya jambo lilelile: vinapaka ukoga rangi ili jicho liuone. Hakuna njia nyingine ya nyumbani inayokuonyesha ramani ya kinywa kizima kwa dakika moja.

Utaratibu wa vidonge ni mfupi. Paka midomo mafuta ya mgando kwanza, la sivyo itabaki na rangi. Tafuna kidonge, zungusha mate yenye rangi kinywani kwa nusu dakika hivi au kama pakiti inavyosema, tema, sukutua mara moja kwa maji. Kisha simama kwenye mwanga mkali, vuta shavu kwa kidole, na angalia. Fanya hivyo usiku, si asubuhi kabla ya kwenda kazini: ulimi utabaki na rangi kwa saa kadhaa, na sinki na shati jeupe havitakusamehe.

Wengi hukosea katika kusoma wanachokiona. Rangi hushika pia ile ngozi nyembamba ya mate, kwa hiyo wekundu hafifu uliosambaa sawasawa juu ya jino zima si wa kukutisha. Unachotafuta ni rangi iliyokolea yenye mpaka unaoeleweka. Mara nyingi utaikuta kama mwezi mchanga unaofuata ufizi, au kama pembetatu ndogo pale meno mawili yanapokutana. Tazama hasa upande wa ndani wa magego ya chini, ambako ulimi huusukuma mswaki, na upande wa nje wa magego ya juu ya mwisho, ambako shavu hubana ukifungua mdomo sana. Ujanja wa hapo mwisho ni kufunga mdomo nusu ili shavu lilegee na mswaki upate nafasi.

Vidonge au maji? Kwa mtu mzima mwenye afya, vidonge ni rahisi kutunza na kipimo chake hakibadiliki. Maji ya kupaka kwa pamba yana faida moja kubwa: unachagua pa kupaka. Ukitaka kukagua meno sita ya chini tu, hakuna haja ya kupaka rangi ulimi mzima. Kwa mgonjwa wa kitandani au mzee anayepata shida kumeza, maji kwa pamba ndiyo chaguo pekee la busara. Kidonge kinaweza kumpalia.

Rangi moja au mbili? Zile za rangi moja, mara nyingi nyekundu, zinakuambia ukoga upo. Za rangi mbili hupaka ukoga mchanga kwa waridi au wekundu, na ukoga mzito uliokaa muda kwa bluu au zambarau. Zipo hata za rangi tatu, ambazo huongeza bluu nyepesi pale ukoga unapotengeneza asidi kwa wingi. Kwa mtu mzima mimi nachagua rangi mbili bila kusita, kwa sababu inajibu swali tulilolianza. Waridi ni ukoga wa karibuni. Leo mkono ulikuwa na haraka. Zambarau ni mahali ambapo mkono haukufika jana wala juzi, na pengine haujawahi kufika. Hapo ndipo pa kubadilisha tabia. Ile ya rangi tatu inavutia, lakini sioni inambadilishia mtu wa kawaida nini katika namna anavyosafisha.

Kuna mabishano kuhusu muda wa kuitumia, kabla au baada ya mswaki. Ukiitumia kabla, kinywa kizima kitakuwa na rangi na kazi yako ni kuifuta mpaka iishe. Kwa mtoto hiyo ni sawa, tena anaifurahia. Lakini kwa mtu anayetaka kujua kasoro yake, piga mswaki kama unavyopiga siku zote, kwa muda uleule, bila kujitahidi zaidi, na utumie uzi kama ni kawaida yako. Kisha weka rangi. Kilichobaki ndicho mkono wako unachokiruka. Halafu chukua mswaki tena mbele ya kioo uondoe rangi hiyo, na uangalie mkono ulilazimika kufanya nini tofauti: ulisimamisha mswaki wima nyuma ya meno ya mbele? Uliulaza kuelekea ufizi? Mjongeo huo ndio wa kuuhamishia kwenye siku za kawaida. Usikandamize kwa nguvu ili rangi itoke haraka. Ukoga ni laini, hauhitaji nguvu, na ufizi unaosuguliwa kwa hasira hurudi nyuma.

Anayependa takwimu ana njia ambayo wataalamu wenyewe hutumia, iliyochapishwa mwaka 1972 na O'Leary na wenzake. Kila jino huhesabiwa pande nne: wa shavuni, wa ulimini, na mbili za katikati ya meno. Unahesabu pande zenye ukoga kwenye mstari wa ufizi, unagawa kwa jumla ya pande, unazidisha kwa 100. Mwenye meno 28 ana pande 112. Pande 28 zikishika rangi, ana asilimia 25. Lengo la kliniki ni asilimia 10 au chini yake. Nyumbani si lazima ufike kwenye hesabu hiyo. Chora tao mbili za meno kwenye karatasi, tia alama palipobaki zambarau, andika tarehe, na uiweke. Wiki ijayo chora nyingine. Alama ikirudi kwenye jino lilelile, umepata jibu ambalo hakuna tangazo la mswaki litakupa. Mwezi wa kwanza mara moja kwa wiki inatosha, baadaye mara moja moja tu. Kila siku ni kupoteza vidonge.

Tahadhari zake. Rangi nyekundu ya zamani, erithrosini, ina iodini ndani yake. Aliyeambiwa aepuke iodini, au mwenye mzio wa rangi za vyakula, asome pakiti kwanza na aulize. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilifuta Januari 2025 ruhusa ya rangi hiyo katika vyakula na dawa za kumeza, kufuatia uchunguzi wa saratani kwa panya dume. Vidonge vya ukoga hutemwa, havimezwi, na vingine hutumia rangi tofauti kabisa, ila ni haki yako kujua unachokitia kinywani. Pia, mwenye meno ya mbele yaliyozibwa kwa dawa ya rangi ya jino, au yaliyobandikwa vigae vyembamba, amuulize daktari wake kabla, kwani rangi inaweza kung'ang'ania kwenye kingo.

Rangi ya keki

Watu huulizia kama rangi ya chakula ya jikoni inaweza kuchukua nafasi ya vidonge. Inaweza, kwa shida. Matone machache kwenye maji kidogo, unapaka kwa pamba, unasukutua. Ukali wake hutofautiana chupa hadi chupa, haitenganishi ukoga mchanga na wa zamani, na ukikosea kipimo unapaka kila kitu. Itumie kama hakuna kingine.

Taa

Taa za kukagua ukoga hutoa mwanga wa urujuani wenye urefu wa wimbi wa takriban nanomita 405. Baadhi ya bakteria wa ukoga uliokomaa hutengeneza kemikali ziitwazo porifirini, na chini ya mwanga huo kemikali hizo hung'aa nyekundu au rangi ya machungwa, huku jino safi likionekana la kijani. Ili uone vizuri inabidi chumba kiwe na giza na utazame kupitia kichujio au miwani ya njano inayokuja nayo.

Uzuri wake unaeleweka mara moja: hakuna madoa, hakuna kusukutua, unaweza kukagua hata kila siku, na hakuna kitu cha kuisha isipokuwa betri. Udhaifu wake haueleweki mara moja, na ndio unaonifanya niiweke nyuma ya rangi. Ukoga mchanga hauna porifirini za kutosha, kwa hiyo haung'ai. Ukiwasha taa ukaona kijani kila mahali, usihitimishe kwamba kinywa ni safi. Umejua tu kwamba hakuna ukoga wa zamani mahali taa ilipofika. Ugaga nao hung'aa, na utausugua bure. Kwa aliyekwisha kujirekebisha kwa rangi na sasa anataka ukaguzi wa haraka, taa ni chombo kizuri. Kwa anayeanza, inaweza kumpa utulivu asiostahili.

Usiielekeze machoni. Na tochi za ultravioleti za kukagulia noti hazikutengenezwa kwa ajili ya kinywa, ziache.

Simu ya mkononi haimo kwenye ushindani huu, kwa sababu kamera peke yake haioni ukoga ambao jicho halioni. Lakini ikiungana na rangi inafaa sana: kioo kidogo cha meno kilichochovywa kwenye maji ya uvuguvugu ili kisipate ukungu, taa ya simu ikiwa imewashwa, na picha ya upande wa ndani wa meno ya chini inakuwa kumbukumbu bora kuliko mchoro wangu wa karatasi.

Nani achague nini

Mtoto anayeweza kutema vizuri, tuseme wa miaka sita na kuendelea, apewe rangi moja, kabla ya mswaki, mzazi akiwa pembeni. Asiachiwe pakiti, maana vidonge vingi vimetiwa ladha tamu. Aliyefungwa nyaya za kunyoosha meno anahitaji rangi kuliko mtu yeyote, kwa sababu ukoga hujibanza kuzunguka kila kibati kinachoshikilia waya kwenye jino, na ulimi hauwezi kutofautisha chuma na uchafu. Pamoja na rangi, awe na vibrashi vidogo vya kupenya chini ya waya. Mvutaji wa sigara ategemee rangi, si damu. Mwenye meno ya bandia ya kuvua asisahau kwamba nayo hujenga ukoga: yavuliwe, yapakwe maji ya rangi sehemu ndogo ya ndani kwanza kuona kama yatabaki na doa, kisha yakaguliwe na kusuguliwa nje ya kinywa. Na asiyetaka kununua chochote aanze leo kwa ulimi na uzi, akijua kwamba ukoga mwembamba utampita bila yeye kuuhisi.

Hakuna hata moja kati ya njia hizi inayoona chini ya ufizi. Kina cha pale ufizi unaposhikana na jino hupimwa na daktari kwa kijiti chenye alama za milimita. Hadi 3 kwa kawaida ni salama, kuzidi hapo panahitaji uangalizi, na meno yanaweza kuwa hayana hata doa moja la zambarau juu ya ufizi. Ugaga nao hautoki kwa mswaki. Hupenda sehemu mbili ambako mirija ya mate humwaga: nyuma ya meno ya mbele ya chini, na upande wa shavuni wa magego ya juu. Ukiukuta hapo, usinunue vile vyuma vyenye ncha iliyopinda ukajikwangua mwenyewe. Mkono usiozoea huchana ufizi na kukwaruza jino, na mikwaruzo hiyo ndiyo makao mapya ya ukoga. Nenda ukasafishwe, na uchukue ile michoro yako yenye tarehe. Daktari mzuri ataitazama kwa makini, kisha atakuomba umwonyeshe unavyoshika mswaki.